Walinzi wa Mtaji wa Vijana

Wasomaji wetu, ziko kazi ambazo watu wa Pwani wamezijua kwa majina yake tangu enzi za mababu: kadhi, nahodha, fundi wa majahazi, mwalimu wa chuoni, msimamizi wa wakfu. Ukimtaja mmojawapo, kila mtu ajua anachofanya na anachoulizwa. Lakini iko kazi moja iliyotufikia juzi tu, nayo bado haijapata jina katika mazungumzo yetu ya sebuleni. Ni kazi ya watu wanaokabidhiwa fedha kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu, wakaambiwa wawatafute vijana wenye wazo la biashara, wawape fedha hizo ziwe mtaji, na wakubali tangu siku ya kwanza kwamba sehemu kubwa yake huenda isirudi. Msimamizi wa wakfu huulizwa kama mali ipo. Hawa huulizwa kama mali ilitumika kwa haki, hata pale ambapo haipo tena. Tumeishi karibu na watu wa namna hiyo kwa miaka kadhaa, na tunaona ipo haja ya kuwaeleza kwa jamaa zetu, maana watoto wetu wanazidi kupita mikononi mwao.

Sisi tunaoandika haya ni mke na mume, wazaliwa wa Mombasa, tuliohamia Kakamega kwa biashara ya vitambaa. Ni mji wa mvua za alasiri, wenye msitu mkubwa upande wa mashariki na mashamba ya miwa upande wa magharibi. Mtu wa Pwani si mgeni wa jana katika nchi hii. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika kwa Nabongo Mumia katika karne ya 19, na athari yao ingali hai Mumias hadi leo, katika misikiti na katika majina ya watu. Wageni wa siku hizi kutoka kwetu ni wanafunzi. Wanapanda basi jioni Mombasa, wanasafiri usiku kucha na sehemu ya mchana, wanashuka hapa na mabegi yao na chupa za achari walizopewa na mama zao. Mwisho wa juma baadhi yao huja kwetu kula wali wa nazi. Hutuita ami na khalati, nasi tumezoea kuitikia.

Wengi wao wamekuja kusoma katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilicho kando ya barabara iendayo Webuye. Chuo hicho kilianza mwaka 1972 kwa jitihada za harambee. Mwaka 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea. Tunaitaja historia hiyo kwa sababu ndani yake kuna aina ya kwanza ya fedha ambayo kijana anaweza kukutana nayo maishani, nayo ni zawadi. Waliochanga kwa harambee hawakungoja gawio. Walitoa wakamaliza.

Aina ya pili ni deni. Tangu mwaka 1995 taifa letu lina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na mwanafunzi anayechukua fedha zake ajua kwamba atazirudisha, afanikiwe asifanikiwe.

Aina ya tatu ndiyo ngeni kwa wengi, nayo ni ubia. Katika ubia, mwenye fedha hatoi sadaka wala hakopeshi. Anaingia katika kazi ya kijana kwa fungu linalojulikana. Kazi ikizaa, wanagawana kwa kadiri waliyoafikiana. Kazi ikifa, fedha imekufa nayo, na kijana hadaiwi.

Twasema ni ngeni, ilhali kwa hakika wazee wetu waliijua vyema. Mashua ya uvuvi ikirudi, samaki huuzwa, gharama hutolewa, kisha kinachosalia hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia. Usiku wa kukosa samaki, mwenye chombo hamwandikii baharia deni. Wanachuoni wetu nao wameyafafanua mambo haya chini ya jina la mudharaba: mmoja atoa mali, mwingine atoa kazi, faida yagawanywa kwa uwiano uliotajwa mapema, hasara ya mali yamwangukia mwenye mali, na mfanyakazi amepoteza jasho lake, isipokuwa ikithibitika alizembea au alikiuka masharti. Kila mtoto wa madrasa amesoma kwamba Bibi Khadija alitoa mali yake ikapelekwa Sham kwa biashara kwa mkono wa Mtume kabla ya utume. Jambo jipya, basi, si ubia wenyewe. Jipya ni kuona kikao cha watu waliokaa rasmi, wenye daftari na sheria zao, wakiufanya kwa vijana wasiojuana nao.

Nchini mwetu shughuli hii imepata nguvu katika miaka ya karibuni. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda wakala wa taifa wa kusimamia ubunifu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina C4DLab, Strathmore ina iLabAfrica, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina kituo kinachobeba jina la mfanyabiashara Manu Chandaria. Mfuko tunaoujua sisi kwa karibu ni mdogo mno ukilinganishwa na hivyo. Hauna jengo wala bango. Wameuanzisha wahadhiri kadhaa, wafanyabiashara wa mjini na wahitimu waliokwisha kupata kazi, kwa ajili ya wanafunzi wa eneo hili. Kikundi kinachokubaliwa hupewa shilingi 150,000, na mfuko huchukua fungu dogo la kampuni yao. Tulialikwa kukaa katika jopo kwa sababu tunajua bei za sokoni.

Jopo lina kura saba. Mwenyekiti ni mama mmoja aliyestaafu kufundisha hisabati, mtu wa maneno machache, ambaye hakuna hesabu inayompita bila kukaguliwa. Yupo mhasibu kijana, yupo mzee mkulima wa miwa, yupo mhandisi mmoja, tupo sisi wawili wenye kura moja, na wapo wanafunzi wawili wanaopiga kura kama watu wazima wengine. Kuna waliotushangaa kusikia kwamba wanafunzi wanahukumu wanafunzi wenzao. Lakini jambo hilo limejaribiwa kwingine: mwaka 2012, mjini Philadelphia, Marekani, ulianzishwa mfuko uitwao Dorm Room Fund ambamo wanafunzi ndio wanaoamua kampuni gani ya wanafunzi ipewe fedha. Hoja yao ni nyepesi kuielewa. Mwanafunzi ajua ni nani bwenini hufanya kazi usiku, na ni nani huamka siku ya mashindano tu.

Kabla ya kusikiliza ombi lolote, mama mwenyekiti huuliza swali lile lile: nani hapa ana udugu, ujirani au biashara na mwombaji? Mwenye uhusiano husema, huandikwa, kisha hutoka nje. Hatoi neno kabla ya kutoka, wala hatoi neno akisharudi. Msimu uliopita swali hilo lilituangukia sisi.

Mwombaji alikuwa kijana wa Pwani, mmoja wa wale wanaokula kwetu Jumamosi. Baba yake ni rafiki yetu wa zamani; alitushika mkono siku ya mazishi ya mzee wetu, na kwa mila zetu deni la namna hiyo halilipiki. Tulisema uhusiano wetu, tukatoka, tukakaa ukumbini kwenye benchi la mbao tukisikiliza mvua juu ya bati. Tulipoitwa ndani, uamuzi ulikuwa umekwisha kuandikwa. Kijana amekataliwa.

Simu ilikuja usiku ule ule. Rafiki yetu hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Alisema, “Ndugu yangu, mlikuwamo ndani. Mkashindwa hata kumsemea mtoto?”

Tukamjibu kwamba hatukuwamo ndani. Tulitoka kwa kuwa ni mtoto wetu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba watu wa kwao Kakamega wangewasemea watoto wao. Tukamwambia kwamba yule mzee wa miwa alitoka nje mara mbili siku hiyo hiyo, kwa wapwa zake, na mmoja wao alikataliwa pia. Hatudhani aliamini.

Sababu ya kukataliwa tuliisoma baadaye katika barua aliyopewa kijana, maana ni kanuni ya jopo kwamba anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi kabla juma halijaisha. Aliomba mtaji wa kununua bodaboda, aikodishe, kwa mapato yake anunue ya pili, kisha ya tatu. Barua ilisema kazi hiyo ni halali na hesabu zake ni safi. Ila ilisema kwamba bodaboda ni chombo kinachojulikana bei yake, mapato yake ya siku na muda wake wa kuchakaa; kazi ya aina hiyo yafaa kununuliwa kwa malipo ya awamu. Kwa nini kijana auze fungu la kazi yake milele kwa fedha ambayo angeweza kuimaliza kulipa kwa miezi? Ubia, iliendelea barua, huwekwa kwa jambo ambalo hakuna ajuaye bado kama litasimama.

Tulipoisoma tuliona kwamba wale watu walikuwa wamemlinda mtoto wetu kuliko ambavyo sisi tungemlinda. Mtu mwenye huruma ya haraka angempa fedha. Miaka mitano baadaye kijana angekuwa bado anagawana mapato yake na watu aliowahitaji kwa msimu mmoja.

Kanuni ya kutoka nje si adabu tu. Iko habari ya Chuo Kikuu cha Boston ambayo kila anayeangalia fedha za chuo anapaswa kuijua. Mwaka 1987 chuo hicho kiliingia kwa nguvu katika kampuni iitwayo Seragen, iliyokuwa ikitengeneza dawa ya saratani kutokana na utafiti wa mwanasayansi wa chuoni hapo hapo. Rais wa chuo, John Silber, aliiamini mno. Fedha zilimiminwa mwaka baada ya mwaka, zaidi ya dola milioni 80 katika kampuni moja. Mwaka 1998 kampuni iliuzwa, na chuo kikawa kimepoteza sehemu kubwa ya mali iliyotiwa humo. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba dawa ilikuwa ya kweli: mwaka 1999 mamlaka za Marekani ziliiidhinisha itumike kwa aina moja ya saratani inayoonekana katika ngozi. Wanasayansi hawakukosea. Kilichokosekana ni mtu wa kusema imetosha, kwa kuwa walioipenda kampuni ndio waliokuwa wakiihukumu.

Dhidi ya habari hiyo kuna nyingine, ili tusiogope kupita kiasi. Mwaka 1946, katika mji huo huo wa Boston, Georges Doriot, mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa profesa wa biashara Harvard, pamoja na Karl Compton, rais wa chuo cha MIT, na wenzao, walianzisha kampuni ya kutia mtaji katika kazi changa. Kazi nyingi walizozisaidia hazikufika popote. Lakini mwaka 1957 waliwapa wahandisi wawili kutoka maabara ya MIT dola 70,000 waanzishe kampuni ya kompyuta iitwayo Digital Equipment. Fungu lile lilikuja kuhesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya dola, likafidia hasara za wengine wote na kuzidi. Doriot alifahamika kwa kupima watu kabla ya kupima mawazo: kwake mtu imara mwenye wazo la wastani alikuwa bora kuliko kinyume chake. Ndiyo maana walinzi wazuri wa mtaji hawaweki mali yote katika chombo kimoja, na hawamdharau aliyeanguka.

Huyu aliyeanguka ndiye mtihani wao mkubwa, hasa katika nchi hii ya miwa. Wakazi wa hapa walishuhudia kampuni ya sukari ya Mumias ikiingia soko la hisa mwaka 2001, na mwaka 2019 wakaishuhudia ikiwekwa chini ya mrasimu na benki iliyoidai. Ukitamka neno hisa mbele ya mzee wa hapa, uso wake hubadilika. Ameona mali ikipotea bila mtu wa kumweleza imepoteaje.

Katika mfuko wetu mdogo, wasichana wawili walipewa mtaji wa kutengeneza makaa kutokana na makapi ya miwa. Mashine ilivunjika mara ya kwanza ikatengenezwa. Ikavunjika mara ya pili. Kisha mvua za masika zikaingia katika banda na makaa yote yakarudi kuwa matope. Walikuja mbele ya jopo na daftari lao, mmoja wao akitetemeka mikono. Mhasibu alipitia kila risiti, moja baada ya nyingine, kwa muda wa saa nzima, na hakuna aliyemharakisha. Mwisho akasema, “Kila shilingi imeonekana.” Mama mwenyekiti akaandika katika kitabu kwamba fedha imepotea, kwamba wahusika hawadaiwi, na kwamba hakuna kosa la uaminifu. Kisha akawaomba warudi juma lifuatalo, wawaeleze waombaji wapya jinsi ya kujenga banda lisilovuja.

Msimu huo huo kikundi kingine kilikuja na habari njema, biashara yao ikipanda. Lakini risiti tatu zilionyesha simu ya mkononi iliyonunuliwa kwa fedha ya mtaji. Jopo lilidai fedha hiyo irudishwe, ikarudishwa. Mtu asiyewajua angeshangaa: aliyepoteza yote amesamehewa, na anayepata faida ametozwa. Lakini hiyo ndiyo sheria ya ubia ilivyo. Hasara si hatia, na faida haifuti uhalifu wa amana.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanahusu nyumba zetu kuliko yanavyohusu vyuo. Kila mwaka katika jamii yetu wazazi hutoa fedha kwa watoto wao waanze kazi. Mama huuza bangili. Baba hutoa sehemu ya kiinua mgongo. Ami aliyeko Muscat hutuma riali. Na aghalabu fedha hiyo haitajwi jina. Anayeipokea huiona zawadi. Anayeitoa moyoni mwake huiita mkopo. Biashara ikistawi, ndugu waliokaa kimya hujitokeza wakidai kuwa wabia tangu mwanzo. Ikianguka, kijana huitwa mharibifu mbele ya wageni, na hakuna anayeomba kuona daftari. Tumeziona nyumba ambazo ndugu wa tumbo moja hawasalimiani siku ya Idi, na ukichimba chanzo chake utakuta fedha ambayo siku ilipotolewa hakuna aliyesema ni ya namna gani.

Watu wale wa Kakamega hawana elimu ya siri. Wanayafanya mambo manne ambayo familia yoyote yaweza kuyafanya. Wanaitaja fedha kwa jina lake kabla haijatoka mkononi: ni zawadi, ni deni, au ni ubia. Wanaandika. Wanamtoa nje mwenye mapenzi na jambo wakati wa kuamua. Na hasara ikija, wanafungua daftari kabla ya kufungua mdomo. Katika hayo, la kuandika tusingepaswa kufundishwa na mtu; aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandikiana deni. Hata hivyo ni wangapi kati yetu tumewahi kuandikiana na watoto wetu? Twaona aibu. Twasema, baina ya baba na mwana karatasi ya nini? Karatasi ni ya siku ambayo baba hayupo tena, na waliobaki hawakumbuki sawa.

Rafiki yetu hakutupigia simu kwa muda wa miezi mitatu. Hatukumlaumu. Kisha siku moja alipiga, akauliza habari za mvua na bei ya mahindi, akazunguka zunguka hivyo kwa muda, mwisho akatuuliza mkataba wa kulipa kwa awamu huandikwaje. Kumbe ameamua kumnunulia mwanawe bodaboda ile mwenyewe na kumuuzia kwa malipo ya kila mwezi, kwa bei watakayoafikiana, mbele ya mashahidi wawili. Tulimsomea vifungu kwa simu, naye akaviandika. Kuhusu yale ya jopo hakusema neno, nasi hatukumkumbusha. Kijana amekwisha kulipa miezi minne. Jumamosi iliyopita alikuja kula na kitabu chake cha malipo kwapani, akatuonyesha sahihi ya baba yake katika kila mstari.